Karatasi Isiyojua Sumu

Hospitali ya Misheni,
Mbalizi, Mbeya.
Mwezi wa Kumi, Jumapili mchana.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Na kamwene pia, maana salamu moja kwa umbali huu naona haitoshi. Benedikto, kaka yangu unayemsomea Mama, soma polepole, tena usiruke mistari. Mara ile ya mwisho habari za homa yangu zilimfikia Mama zikiwa nusu, akakaa siku nyingi akidhani nimekwisha.

Goti lako linaendeleaje? Bado linakuuma ukishuka mtoni, au ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa lori aiache Ipogolo imekufikia? Vinyungu vya mboga huko bondeni mmechimba? Nasikia Kalenga mto umepungua sana mwaka huu, na hapa ni hivyo hivyo. Vumbi tupu. Ukitandika shuka nyeupe asubuhi, jioni ni nyekundu. Na yule ng'ombe mweusi amezaa? Niambie yote, hata yale unayoona ni madogo, kwa sababu hapa nina watu wa kufanya nao kazi lakini sina mtu wa kuniambia habari ya ng'ombe.

Mimi ni mzima, Mungu ashukuriwe. Nakula, nalala, na baridi ya asubuhi nimeizoea. Lugha ya Wasafwa bado inanipiga chenga. Naelewa wagonjwa wakisema wapi wanaumwa, lakini wakianza kucheka wao kwa wao sijui kama wananicheka mimi. Basi tunasalimiana kwa Kiswahili changu cha Iringa na chao cha Mbeya, tunafika.

Katika barua ya nyuma nilikwambia Sista ameniondoa wodini. Sasa nipo katika chumba cha darubini ya kupimia damu, kile chumba kidogo nyuma ya duka la dawa, chini ya Bwana Ambakisye. Yeye ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu wa makamo, mpole, anasema neno moja wakati wengine wamesema kumi. Kazi yangu ilikuwa kuosha chupa tu. Baadaye akaanza kunifundisha, na kitu cha kwanza alichonifundisha ni kuchuja kwa karatasi.

Usicheke, Mama. Najua utasema, huyu mtoto nimemfundisha kuchuja pombe tangu hajaota meno ya pili, kaenda mpaka Mbeya kufundishwa kuchuja. Lakini hii ni karatasi yake maalumu, nyeupe, mviringo kama sahani, laini kidogo kuliko ya kuandikia. Unaikunja katikati, unaikunja tena, kisha unaifungua upande mmoja inakuwa kama kikombe kilichochongoka chini. Unaipachika ndani ya faneli ya kioo, unailowesha kwa maji safi ili ishikamane na kioo, halafu ndipo unamimina kile unachotaka kuchuja, taratibu, kikifuata kijiti cha kioo. Usijaze hadi ukingo, la sivyo uchafu unapita pembeni na kazi yako yote ni bure. Kisha unangoja. Maji ya tope yanaingia juu, chini yanadondoka tone moja moja, meupe kabisa, na tope lote linabaki juu ya karatasi. Mara ya kwanza nilikaa nikitazama matone yale mpaka Bwana Ambakisye akaniuliza kama nimesinzia.

Nilimwambia, "Bwana Ambakisye, haya maji sasa yanafaa kunywa."

Akasema, "Yanafaa kutazama."

Sikumwelewa. Nilimwelewa baadaye, na ndiyo habari ninayotaka kukusimulia, kwa sababu tangu itokee nimekuwa nikikuwaza wewe kila siku.

Mwezi uliopita waliletwa wanaume watatu kutoka kijiji kimoja cha juu, ukipita Mbalizi na kupanda mlima. Wawili walikuwa kwenye machela, wa tatu alishikwa mikono na watu wanne. Sijapata kuona ugonjwa ule. Macho yao yalikuwa wazi, mboni zimepanuka mpaka jicho lote limekuwa jeusi, na wanalikimbia jua. Midomo imekauka, ngozi inawaka moto. Mmoja alikuwa anachuma vitu hewani, anachuma na kuweka mfukoni, kumbe hakuna kitu na mfuko hana. Mwingine anacheka. Huyo anayechuma anaitwa Yohana. Mkewe, Leya, mwanamke kijana, alikuwa pembeni yake anamwita, "Baba, Baba, ni mimi," na yeye anamtazama kama anatazama ukuta.

Yule wa tatu, mzee Zakaria, jirani yao, alifariki asubuhi iliyofuata. Yohana na yule mwingine akili zilianza kurudi siku za mbele, kidogo kidogo.

Leya ndiye aliyenieleza yaliyotokea, tukiwa tunambadilishia mumewe shuka. Walikuwa wameita watu kulima bondeni, kile ambacho sisi kwetu tunaita mgowe. Yeye na mke wa mzee Zakaria walipika pombe ya ulezi. Watu walilima, wakala ugali na maharage, wakanywa. Kufika jioni watu wakatawanyika, lakini wale watatu wakabaki kumalizia chungu.

"Na chumvi ya maharage," Leya akaniambia akiwa ameinamisha kichwa, "ililetwa na Bibi Ruti."

Bibi Ruti ni mjane wa baba yake mkubwa Yohana. Leya humwita Mama Mkubwa, kwa desturi. Ni bibi mwembamba, mrefu, na mpaka leo hanunui chumvi ya dukani. Anachoma matete ya bwawani, majivu anayatia kwenye chungu kilichotobolewa chini, anamwagia maji, na yale yanayodondoka anayachemsha mpaka unabaki munyu. Nilipowaona wanakijiji wengine wanaokuja kutazama wagonjwa, wote walikuwa na neno hilo hilo mdomoni. Alileta chumvi. Yeye mwenyewe hakukaa kula. Na wakati wa palizi aligombana na Yohana kwa ajili ya mpaka wa shamba la bondeni.

Nikamuuliza Leya, "Lakini maharage si mlikula wote?"

Akasema, "Mchawi anachagua, dada. Anamfungia anayemtaka."

Mama, sikumbishia. Wewe unajua kwa nini. Nilimwona akilini bibi mzaa mama, ambaye mimi sikumkuta, anatoka kwao na wewe mgongoni kwa sababu ng'ombe wa mtu walikufa na mtu mmoja akasema jina lake. Ulinisimulia habari ile mara moja tu, tukipukuchua mahindi, na hukurudia tena.

Mzee Zakaria alipokwisha kuzikwa, tukapata wageni. Jumbe alikuja mwenyewe, amevaa koti lake la kaki, na nyuma yake watu wengi, na katikati yao Bibi Ruti. Hawakumfunga kamba, lakini hakuna aliyetembea karibu naye. Jumbe alikuwa na kifurushi cha majani ya mgomba. Daktari alikuwa amekwenda safari, kwa hiyo walielekezwa kwa Bwana Ambakisye.

Jumbe akasema, "Tumesikia hapa mna karatasi inayobagua kibaya na kizuri. Hii ni chumvi ya huyu bibi. Tumeichukua nyumbani kwake mbele ya mashahidi. Tunaomba karatasi iseme."

Bwana Ambakisye alikitazama kifurushi muda mrefu. Akaniambia nitoe meza nje, kwenye ukumbi, watu wote waone. Nikapanga faneli na chupa. Akaikoroga chumvi ndani ya maji ya moto, nami nikakunja karatasi. Ya kwanza niliikunja vibaya, ikabidi nikunje nyingine. Akamimina.

Watu walisogea. Matone yakaanza kuanguka, safi. Kisha yakakwisha. Bwana Ambakisye akaitoa karatasi, akaifungua mezani, na juu ya weupe ule kulikuwa na weusi, kama masizi yaliyolowa.

Mama, lile lilikuwa kosa letu, hatukulifikiria. Mtu mmoja akapiga kelele, "Hiyo! Hiyo hapo sumu!" Na wote wakaanza kusema kwa pamoja kwa Kisafwa. Bibi Ruti alikuwa anatazama karatasi yake nyeusi.

Bwana Ambakisye akapandisha sauti, kitu asichofanya. "Hayo ni majivu! Majivu na mchanga. Hata ukichuja chumvi ya mama yako utayaona."

Jumbe akanyamazisha watu. Akauliza kwa upole, maana si mtu mbaya, "Basi maji yaliyopita ni safi?"

"Ni safi kwa macho."

"Kwa hiyo karatasi inasema huyu bibi hana hatia?"

Nilikuwa nyuma ya Bwana Ambakisye. Nilimvuta shati, nikamnong'oneza, "Sema ndiyo. Bwana Ambakisye, sema ndiyo, yaishe."

Akasema, "Hapana, Jumbe. Karatasi hii haijui sumu. Inazuia kile kisichoyeyuka, basi. Chumvi imeyeyuka, imepita. Kama kungekuwa na sumu ya kuyeyuka, nayo ingepita. Siwezi kukuambia ana hatia, wala siwezi kukuambia hana."

Jumbe akasema kwamba kama hospitali haijui, kijiji kitaamua chenyewe, na kijiji kimekwisha kuamua. Bibi Ruti afunge mizigo yake aende kwa kaka yake, upande wa pili wa mto Songwe, kabla ya mvua. Wakaondoka naye.

Nilimkasirikia Bwana Ambakisye kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Tulipobaki peke yetu nilimwambia maneno ambayo binti hapaswi kumwambia mtu wa umri wake. "Neno moja tu! Ungemwokoa kwa neno moja. Wewe mwenyewe huamini uchawi."

Alikuwa anasuuza faneli. Akaiweka chini.

"Veronika," akasema, "kwetu babu zetu waliwapa watu mwavi wanywe. Akitapika hana hatia, akifa alikuwa mchawi. Leo nikisema karatasi imemtakasa huyu, kesho wataniletea unga wa mwingine. Karatasi itatoka nyeusi, maana kila kitu kina uchafu. Nitawaambia nini? Nitakuwa nimewapa mwavi mweupe wa kutoka Ulaya."

Hasira haikuniondoka. Nililia huku naosha chupa. Baada ya muda akasema, kama anajisemea mwenyewe, "Maharage walikula wote. Walioanguka ni wale waliokunywa cha chini ya chungu."

Daktari aliporudi, jambo la kwanza alilofanya ni kumtazama Yohana macho. Mboni bado zilikuwa zimepanuka. Akasema kwamba yeye mwenyewe hufanya macho ya watu yawe hivyo, kwa ile dawa ya matone anayowatia akitaka kuchungulia ndani ya jicho, na dawa ile asili yake ni mimea. Iko mimea ya porini yenye nguvu kama hiyo. Akauliza kama imebaki pombe yoyote. Leya, aliyekuwa ameketi chini kando ya kitanda, akasema pombe hakuna, ila machicha yake yapo ndani ya chungu. Ameyaweka kwa ajili ya kuchachusha pombe nyingine.

Basi tulikwenda, mimi na Bwana Ambakisye na Leya. Faneli niliibeba mimi, ndani ya kikapu, nimeizungushia nyasi kama yai. Njia ni ya kupanda tu, na Leya alitangulia. Tulipofika kijijini, Bibi Ruti alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, mzigo umefungwa, mkeka umeviringishwa, anamngoja mpwa wake wa kumsindikiza. Nilimwamkia. Aliitikia bila kunitazama.

Jumbe akaitwa, na watu wakaja. Safari hii Bwana Ambakisye alisema kwanza, kabla ya kugusa kitu. "Ndugu zangu, sikuja na hukumu. Nimekuja kutazama kilichomo katika chungu hiki. Nitakachokiona mtakiona, na nisichokijua nitasema sikijui."

Leya akaleta chungu. Nikachota machicha, nikayakoroga na maji, tukapitisha kwanza kwenye kitambaa ili kupunguza makapi makubwa, kisha nikakunja karatasi. Safari hii nilikunja vizuri. Maji ya hudhurungi yakaingia, yakashuka maangavu kama chai isiyokolea. Tulingoja mpaka tone la mwisho. Bwana Ambakisye akaifungua karatasi na kitambaa juu ya ungo, akaanza kutawanya mashapo kwa ncha ya kisu. Maganda mekundu ya ulezi. Unga. Na katikati yake vipande vyeusi vyeusi, na mbegu nzima chache, bapa, zimejikunja kama figo ndogo, kubwa kuliko ulezi.

"Hizi," akasema, "si ulezi. Ni nani anayezijua?"

Watu waliinama, wakatazama. Mmoja akasema ni pilipili. Mwingine akasema si pilipili. Mimi nilimtazama Leya, kwa sababu macho yake hayakuwa yameondoka kwenye ungo.

Aligeuka akaingia ndani. Nikadhani amekimbia. Akatoka na kikapu, akakimwaga chote juu ya mkeka mbele yetu, ulezi uliobaki, usiosagwa. Akapiga magoti, akausambaza kwa viganja. Na hapo hata mimi niliziona kutoka niliposimama.

"Ni za lile gugu la bondeni," akasema. "Lenye maua meupe marefu, na matunda ya miiba. Limeota kwangu mwaka huu, sikuling'oa lote. Nilivuna nikiwa na haraka. Nikapeta, lakini ni nzito, haziruki na makapi. Nikaziona, nikasema ni mbegu tu, zitasagika." Kisha akainua kichwa, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Ni ulezi wangu. Si chumvi ya mtu."

Mama, hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kukaa kimya, tungerudi hospitali na mbegu zetu zisizo na jina, na Bibi Ruti angevuka mto. Alijua pia kwamba mjane wa mzee Zakaria amesimama pale pale, na shanga za msiba hajazivua.

Mjane yule akaja mbele. Watu wakampisha. Akachukua mbegu moja, akaiweka kiganjani, akaitazama.

"Kitu hiki?" akasema. "Mume wangu?"

Leya alikuwa bado amepiga magoti, anangoja kupigwa.

Mjane akasema, "Na mimi nilikuwepo. Chungu tulikikoroga wote wawili. Jiwe la kusagia ni langu. Mimi nina macho kama yeye, na sikuona." Kisha akaketi chini palepale kwenye mavumbi, kando ya Leya, akaanza kulia kilio ambacho nadhani hakukilia siku ya mazishi, kwa sababu siku ile alikuwa na hasira. Leya akamshika.

Jumbe alivua kofia. Alikwenda mpaka kwa Bibi Ruti, akamwambia mbele ya watu kwamba kijiji kimekosea na kwamba anaweza kufungua mizigo yake.

Bibi Ruti akasimama. Nilitegemea atafurahi. Akasema, "Nimesikia. Lakini karatasi haikuniita mchawi. Mliniita ninyi, watoto niliowakata vitovu." Akajitwika mzigo wake, mpwa wake akachukua mkeka, wakashika njia ya Songwe.

Tuliporudi hospitali, Daktari alifanya jambo moja la mwisho. Alisaga zile mbegu na maji, tukachuja, na yale maji meupe akadondoshea tone moja katika jicho la paka wa jikoni kwa Masista. Baada ya kitambo paka akawa na jicho moja jembamba kama kawaida na jingine jeusi duara kama kifungo. Akatembea akigonga viti, maskini, lakini kesho yake alikuwa mzima. Bwana Ambakisye akanionyesha chupa. Maji yale yalikuwa safi, Mama, safi kuliko ya kisima chetu. "Yanafaa kutazama," nikasema mwenyewe, na yeye akaitikia kwa kichwa.

Sasa nikueleze ya Jumapili iliyopita, halafu nitakuacha upumzike.

Leya alikuja hospitali asubuhi, baada ya Misa, akanikuta naanika nguo. Yohana amekwisha kurudi nyumbani, ana nguvu, lakini siku ile ya mgowe haikumbuki hata kidogo. Leya akaniambia, "Dada, nisindikize. Nataka kwenda kumchukua Mama Mkubwa, na peke yangu siwezi."

Nikamuuliza kwa nini mimi. Akasema, "Wewe ni mgeni. Mbele ya mgeni hatanifukuza."

Tulitembea mpaka miguu ikatuvimba. Mto tulivuka kwa mawe, maji ni kidogo. Bibi Ruti tulimkuta uani kwa kaka yake, na mbele yake chungu kilichotobolewa kinadondosha. Alituona, akaendelea na kazi. Mke wa kaka yake akatuletea vigoda na ugali na maharage, kwa heshima ya wageni, kisha akaondoka.

Leya hakuketi kwenye kigoda. Aliketi chini.

"Nimekuja kukuchukua, Mama Mkubwa."

"Jumbe amekutuma?"

"Hapana."

"Mumeo?"

"Hapana. Yeye ana aibu. Anasema hata akikuona atakimbilia shambani."

Bibi Ruti akaongeza maji juu ya majivu. Tulisikia yanavyonywewa. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei, "Nikirudi, na siku moja mtoto wenu akaumwa tumbo, mtasema nini?"

Leya alifikiri. Nilimpenda kwa kufikiri, maana mtu mwingine angeapa haraka haraka. Akasema, "Watu siwajui watasema nini. Mimi nitasema, alikula nini."

Leya akavuta bakuli la maharage lililoletwa, akaonja, yalikuwa hayana chumvi. Pembeni ya Bibi Ruti kulikuwa na kibuyu cha munyu uliokwisha kukauka. Leya akanyoosha mkono, akachota kwa vidole vitatu, akatia ndani ya maharage, akakoroga. Akamega tonge, akachovya, akala. Bibi Ruti aliacha kumimina maji. Alimtazama Leya anavyotafuna, akamtazama anavyomeza, akamtazama akimega tonge la pili. Mimi nilikuwa sithubutu hata kumfukuza nzi.

Mwishowe Bibi Ruti akasema, "Haijakolea."

Leya akasema, "Imekolea, Mama Mkubwa."

"Haijakolea. Matete ya huku hayana kitu." Akasimama, akajipangusa majivu mikononi. "Mwambie huyo Mhehe wako amalizie kula upesi. Mkeka wangu nauchukua mwenyewe, ninyi chukueni vyungu."

Nilibeba vyungu viwili, Mama. Mpaka leo shingo inaniuma.

Basi hizo ndizo habari zangu. Wasalimie wote hapo nyumbani. Baba mdogo mfua chuma, mwambie jembe alilonifungia bado liko imara. Shangazi anayeuza vitunguu sokoni, mwambie nimepata kitenge alichotaka, ila si rangi ile. Mke wa Benedikto, nasikia amekaribia kujifungua. Apumzike, asibebe maji. Katekista wetu, na wasichana wa kwaya, na bibi wa jirani asiyesikia, yeye msalimie kwa kumshika mkono.

Nawe Mama, ukipeta ulezi mwaka huu, peta juani, ukae, usiharakishe. Jike la kuku uliloniahidi usiliuze, nitalila Krismasi wakinipa ruhusa.

Mimi mwanao akupendaye,
Veronika